Yupo, Ila Si Katika Zizi Hili

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, mchana

Baba,

Mwadila baba. Naandika mchana, kwa hiyo nakusalimu kimchana, hata kama barua itakukuta asubuhi unafungulia ng'ombe. Nitaipa basi la kesho, itashukia dukani kwa Mzee Sudi hapo Bariadi, na Kabula ataichukua siku ya gulio. Mgongo wako unasemaje? Mama kifua kimemwachia? Nasikia kwa watu wa huko kwamba mvua imepiga kelele tu na kuondoka. Naomba kwenu iwe imeshuka, angalau pamba iote na ngitiri yetu, lile eneo la malisho ya akiba, ipate majani. Mimi mwili ni mzima. Nakula, naoga, naenda kazini. Mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi badala ya kupiga simu.

Kabula, ndugu yangu, wewe unayemsomea baba, soma kila neno kama nilivyoliandika. Usiruke na usilainishe. Najua tabia yako. Uliwahi kumsomea ripoti yangu ya kidato cha pili ukaongeza maksi za hesabu ukiwa umesimama pale pale mbele yake, nami nikakushukuru kwa kukupa zamu yangu ya nyama. Leo usinisaidie.

Baba, nilikudanganya. Siku ile uliponipigia kunipa habari ya Bibi, nilikwambia kwamba nilifika Bariadi kikazi, kwamba nilikuwa nije nyumbani kesho yake, lakini ofisi ikaniita ghafla, gari lao likanichukua alfajiri kupitia Lamadi mpaka Mwanza, nikapandia basi huko. Ukasema, "Kazi ni kazi, mwanangu. Usijilaumu." Nasikia mpaka leo ukiwajibu waliokuja msibani, "Kijana alikuwa kazini." Baba, hakuna gari lililokuja kunichukua. Hakuna aliyeniita. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa mezani.

Nianze mwanzo, maana bila kuijua kazi yangu utaona nilikimbia kitu cha kitoto. Na kweli ni cha kitoto.

Ofisi yetu ni ndogo, watu watano kwenye chumba kilicho juu ya duka la vioo. Mkuu wetu ni Dada Mwanaidi, mtu wa Tanga, mpole wa sauti lakini akikuuliza jambo hakuachi mpaka umejibu. Tunaandika programu, yaani maagizo ya kuiambia kompyuta ifanye kazi fulani. Maagizo hayo yana lugha yake. Hiyo ninayoandika mimi inaitwa Python, ambalo kwa Kiingereza ni jina la chatu. Mama asiogope, hakuna nyoka ndani.

Sasa lugha hiyo ikiwa peke yake haijui mengi. Ukitaka isome orodha ndefu au ichore ramani, lazima uiletee vifurushi. Si vile vya simu tunavyoita bando. Hivi ni kazi ambazo watu wengine walishazifanya wakaziweka kwenye mtandao, nawe unazivuta na kuzitumia ili usianze upya. Kuvuta kunataka amri ya mstari mmoja. Mstari mmoja tu, baba, na ulinitoa jasho miezi mitatu. Mara niliandika amri hiyo mahali pasipo pake, mashine ikanikemea. Mara niliinakili pamoja na alama ambayo haikuwa sehemu ya amri. Na kuna vifurushi ambavyo unavivuta kwa jina moja, halafu ukitaka kuvitumia unaviita kwa jina jingine, kama mjomba wetu ambaye kwenye kitambulisho ni Emanueli, lakini ukienda kijijini kwake kumwulizia Emanueli watu wanadhani umepotea njia. Wenzangu walinicheka na mimi nikajicheka. Hayo yote yalipita.

Iliyoniponza ni akili niliyotoka nayo nyumbani, tena akili nzuri.

Unaukumbuka mwaka wa homa ya mapafu, nilikuwa darasa la nne. Ng'ombe walikohoa wiki mbili, kisha zizi letu likabaki na kamba na mavi makavu. Bibi alikaa mlangoni siku nzima. Majirani walikuja kutupa pole kama waliofiwa. Wewe ukavaa viatu vyako vya matairi, ukaenda Lalago kwa rafiki yako Mzee Shija, na baada ya siku nne ukarudi na ng'ombe kumi na mmoja, wako wote, uliokuwa umemwekesha miaka mingi nyuma kwa desturi yetu ya kubilisa. Mimi sikujua hata kama wapo. Ukatuita mimi na Kabula, ukasema, "Mkiona mtu ameweka ng'ombe wake wote zizi moja, huyo anangoja kuwa maskini." Tulisoma kwa ng'ombe hao. Neno hilo sikulisahau, na nimeishi nalo hapa mjini kama vile lilisemwa kwa kila kitu. Funguo ninazo seti mbili, tena zinakaa mbali mbali. Hata vitambulisho sivibebi mfuko mmoja.

Basi nikaifanyia na kompyuta. Wengine wanaiweka lugha ile mara moja kwenye mashine, inatosha. Mimi niliiweka mara tatu, kila nakala mahali pake, nikajisemea kwamba moja ikiharibika sitalala njaa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Na hakuna aliyejua, maana nani anaenda kuchungulia mazizi ya mwenzake?

Sasa Bariadi. Chama kimoja cha wafugaji huko kilitaka programu ya kuandika ng'ombe wa wanachama, ili wakati wa chanjo wasirukwe. Dada Mwanaidi alinipa kazi hiyo kwa sababu mimi ni wa huko. Alitaka tuandike mwenye ng'ombe na idadi, basi. Mimi nikamwambia haitoshi. Nikamweleza kwamba kwetu ng'ombe wa mtu anaweza kulala kwa mtu mwingine mwaka wa kumi, na mchanjaji akienda kwa mwenye mali akahesabu waliopo, wale wa mbali wanabaki bila chanjo. Nikamwambia lazima kuwe na mahali pa kuandika kila ng'ombe yuko zizi la nani. Alifurahi sana. Alisema, "Makoye, hilo nisingelijua hata ningekaa huko mwaka." Nikaona nimekuwa mtu.

Programu ikaisha, ikafanya kazi. Nikapewa kompyuta ndogo ya kubeba, niende peke yangu kuwaonyesha wazee. Siku moja kabla ya safari, kila kitu kikiwa tayari, roho haikutulia. Nikaona safari ni ndefu, barabara ina vumbi, afadhali niongeze nakala moja zaidi ya ile lugha, ya akiba. Nikaiweka. Sikuijaribu programu tena, kwa sababu nilikuwa nimeongeza tu, sijapunguza kitu. Baba, nani alipata hasara kwa kuongeza?

Nilifika Bariadi jioni ya Jumanne. Nilitaka Jumatano niwaonyeshe wazee, na Alhamisi asubuhi nije nyumbani nikiwa na la kusema. Nilikuwa nimemnunulia Bibi kitenge cha rangi ya udongo, ile anayosema haichafuki.

Ukumbini walikuwepo wazee kama thelathini. Mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia ya pama, akaniuliza kabla sijafungua begi, "Ng'wana nani wewe?"

"Naitwa Makoye. Mtoto wa Ng'wandu, Mwamapalala."

"Ng'wandu yule wa ng'ombe wa Lalago?"

"Huyo huyo, baba."

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Wengine waligeukiana na kutikisa vichwa. Sikuwahi kujua kwamba hadithi yako ilifika mpaka mjini. Nilijisikia vizuri mno, nakwambia ukweli. Nikasimama kama nimekuja na ng'ombe wale nyuma yangu.

Ofisini nilizoea kuianzisha programu kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Siku hiyo, ili wazee waone uzuri, nikaunganisha kompyuta na mashine ya kurusha picha ukutani, nikabonyeza alama niliyokuwa nimeiweka kwenye kioo. Ukuta mzima ukajaa maandishi mekundu. Mstari wa mwisho ulisema kifurushi fulani hakipo.

"Inasema nini?" aliuliza yule mzee wa kofia.

"Inasema kuna kitu hakipo, baba. Dakika moja."

Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika ile amri ya mstari mmoja ya kuvuta kifurushi. Mashine ikajibu kwamba tayari kipo. Nikarudi kwenye alama, nikabonyeza. Hakipo. Nikarudi kwenye dirisha. Tayari kipo. Nilikwenda na kurudi hivyo mara tano au sita, jasho likinidondokea kwenye vidole, na kila jibu lilionekana ukutani, kubwa, wote wakiliangalia.

"Na sasa?"

"Sasa inasema kipo."

"Kipo au hakipo?"

Walicheka, baba. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumpa mtoto nafasi. Laiti ningecheka nao nikanywa maji. Badala yake nikafanya jambo la mtu aliyechanganyikiwa: nikakifuta kile kifurushi ili nikivute upya. Kukifuta kulichukua muda wa kupepesa jicho. Kukivuta kukashindikana, kwa sababu mtandao wa ukumbini siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka. Sasa kikawa hakipo kweli, pande zote. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake hayupo nyumbani, akaenda kumchinja aliyeko Lalago ili hesabu zilingane.

Nikampigia Dada Mwanaidi. Aliuliza, "Umekiweka wapi?"

"Kipo kila mahali, dada."

"Kila mahali ndiyo wapi?"

Simu ikakatika.

Wazee walinisubiri karibu saa nzima. Mwenyekiti wao akasimama, akanishukuru kwa kuja mbali, akasema kwa sasa wataendelea na madaftari yao. Wakaniletea soda. Walipokuwa wanatoka, yule wa kofia akanishika bega, akasema kwa upole kabisa, "Mtoto wa Ng'wandu. Baba yako hawezi kupoteza ng'ombe namna hii."

Angenitukana mimi ningevumilia. Lakini jina lako niliingia nalo mwenyewe mlangoni, hakuna aliyenilazimisha kujivuna nalo, na nikaliacha sakafuni pamoja na chupa ya soda. Nilijua habari itafika kijijini. Niliona unakaa kwenye pombe ya msiba au ya harusi na mtu anaanza, "Ng'wandu, yule kijana wako wa kompyuta..." Niliona aibu, baba. Uso umeumbwa na haya, na wangu siku hiyo haukuwa na pa kuuweka.

Nilipita dukani kwa Mzee Sudi kununua maji. Mtu yule hajui kumwacha mtu apite. Alikuwa anapima chumvi ya mifugo, akaiacha kwenye mizani.

"Makoye! Umeshafika kwenu?"

"Bado, mzee. Nimekuja kikazi."

"Bibi yako hali si nzuri, mwanangu. Baba yako alikuja juzi kuchukua dawa, akaniambia kila siku anakuulizia. Nenda. Leo hii nenda, jua lipo."

"Kesho asubuhi, mzee. Mapema."

"Wallahi?"

"Kesho."

Sikuapa, lakini yeye ni mtu safi, akachukua kesho yangu kama kiapo. Ndiyo maana alikupigia simu jioni ile kukwambia mtoto wako amefika. Usimlaumu. Alikueleza alichoambiwa.

Alhamisi nilikata tiketi ya basi la Dar. Niliketi na begi mapajani, kitenge ndani. Nilijiambia nitarudi mwezi ujao programu ikiwa imepona, niingie nyumbani kwa heshima. Nilijiambia Bibi ameshaumwa mara nyingi na mara zote ameinuka. Basi lilipita njia panda ya kwetu, ile ya tuta na kibanda cha mkaa. Hapo kuna jambo ambalo ni la mtu mwingine, nitaliandika mwisho.

Ijumaa asubuhi nikaenda ofisini moja kwa moja kutoka stendi. Dada Mwanaidi hakunifokea. Alivuta kiti, akafungua ile kompyuta, akasema, "Kwanza tuiulize inakaa wapi." Akaandika mstari mfupi, mashine ikataja mahali. Kisha akabonyeza ile alama yangu na kuiuliza swali lile lile. Ikataja mahali pengine, kwenye ile nakala niliyoiongeza siku moja kabla ya safari. Akanitazama. "Makoye, una Python ngapi humu ndani?"

"Nne."

"Za nini?"

Nikamweleza habari ya Lalago. Hakucheka. Alisema, "Kwa ng'ombe ni sawa. Lakini baba yako alijua kila mmoja yuko kwa nani." Akafuta nakala tatu, akabakiza moja, akavuta vifurushi vyote ndani yake, akabonyeza alama. Programu ikafunguka. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Orodha ikatokea, na pale juu, kwa maandishi niliyoyachagua mimi, safu ya tatu: Yuko zizi la nani.

Mashine haikuwa imenidanganya hata mara moja. Lile dirisha jeusi lilisema kipo, na kwake kilikuwepo. Ile alama ilisema hakipo, na kwake hakikuwepo. Mimi, mtoto wa mtu wa ng'ombe, sikuuliza swali ambalo wewe ungeliuliza kwanza: zizi lipi?

Mchana ule ule simu yako ikaita.

Baadaye nilimpigia Kabula, akiwa bado hajasikia habari ya Lamadi, nijue siku ile ya Alhamisi ilikwendaje, na akanieleza kwa sababu hakujua anachonieleza. Alisema Jumatano jioni ulimwambia Bibi, "Makoye amefika Bariadi." Alhamisi asubuhi Bibi aliomba atolewe nje. Mama akamwambia alale, yeye akasema mgeni hapokelewi na mtu aliyelala. Mkamkalisha kwenye kigoda chake mlangoni, mgongo kwenye ukuta, mkamwekea mto. Alikataa uji, akasema atakula na mimi. Mlichinja jogoo. Mchana akakuuliza, "Makoye yupo?" Ukasema, "Yupo, mama." Jua lilipoinama akauliza tena. "Yupo?" "Yupo." Akasema, "Mbona simwoni?"

Baba, hukumdanganya. Nilikuwepo. Nilikuwepo kwenye orodha ya watoto wa nyumba hiyo, nilikuwepo kwenye mdomo wako, kwenye jogoo aliyechinjwa. Ila wakati huo nilikuwa nimeshapita Singida, naangalia kiti cha mbele yangu. Bibi ndiye aliyeuliza sawa.

Ulipomaliza kunieleza kwamba amekwenda, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli na nikatengeneza lile gari la Lamadi. Ukaniambia kama naweza kupata ruhusa mtachelewesha mazishi. Nikasema ruhusa hakuna. Sikuiomba, baba. Dada Mwanaidi alinikuta nalia kwenye ngazi, akasema niende siku hiyo hiyo, nikamwambia mmekwisha kumzika. Uongo nao nimeuweka mazizi mengi. Wewe una wako, Dada Mwanaidi ana wake, Mzee Sudi ana wake, na mimi ndiye ninayelala macho kuukumbuka kila mmoja uko wapi. Nimechoka kuuchunga.

Wameniondoa kwenye kuandika programu kwa sasa, naingiza tu orodha za watu wengine. Ni haki. Chama cha wafugaji kimekubali kuonyeshwa tena, lakini atatumwa mwenzangu, kijana wa Moshi. Nimemfundisha kusema mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, na nimemwambia akiulizwa safu ile ya tatu aliitoa nani, aseme ni desturi ya watu wa huko.

Ninalokuomba ni moja. Watu wakikuuliza tena kuhusu mimi, usiseme kijana alikuwa kazini. Usinibebee. Waambie alifika Bariadi, akaona haya, akarudi. Mficha uchi hazai. Nikishajua kwamba umesema hivyo kwa mdomo wako, ndipo nitaweza kupita kwenye lile lango. Nataka kuja kunyoa nywele mbele ya kaburi lake hata kama siku zake zimepita, na kitenge nitakileta. Lakini sitakuja kwa kukuvizia. Ukiona nisije, mwambie Mzee Sudi, atanipigia, nitaelewa na sitabishana. Ukiona nije, vilevile mwambie Mzee Sudi. Mpaka hapo nitakuwa hapa Mbagala, nyumba ile ile, mlango wa pili kutoka kisimani. Ndipo nilipo kweli.

Mpe Mama mkono, umwambie nasikia sauti yake nikipika ugali ukaungua. Msalimie mjomba, yule mwenye majina mawili. Shangazi aliyemwosha Bibi mwambie wabeja, yaani asante; mimi ng'wana wake namshukuru kwa kumsindikiza Bibi, kazi iliyokuwa yangu. Mzee Shija wa Lalago ukimwona, mwambie nimelijivunia zizi lake mbele za watu na sikulitendea haki. Na yule mtamba uliyesema ni wangu, aliyeko kwake, mwache huko huko. Nisihesabiwe naye kwanza.

Ni mimi mwanao, niliyefika Bariadi nisifike nyumbani,

Makoye.

Kabula, hii ni yako, lakini isome kwa sauti, baba asikie.

Uliniambia kwenye simu kwamba Alhamisi ulikwenda njia panda kabla jua halijatoka, ukanisubiri mpaka likawa utosini, ukadhani gari nililopanda limeharibika huko nyuma. Uliniomba radhi kwamba pengine nilipita ukiwa umekwenda kuomba maji kwenye kile kibanda. Kabula, hukwenda popote. Ulikuwa umesimama pale pale kando ya tuta, umeshika baiskeli ya baba, na kwenye keria ulikuwa umefunga shuka la Bibi lililokunjwa mara nne, ili nikae vizuri. Basi lilipopunguza mwendo ulikuja karibu, ukawa unaangalia dirisha moja moja, na kila dirisha ulilitabasamia kabla hujajua ni nani yuko ndani. Langu lilikuwa la nne. Ulipofika la tatu, nilivuta pazia.